Pumzi Inafika Wapi?

Je, ni kweli kwamba puani mwa kila mtu mna gesi inayotibu? Swali hili huja kwa sura nyingi. Mzee mwenye presha huuliza kama kupumua kwa pua kutamwondolea vidonge vya kila asubuhi. Mama mwenye mtoto wa pumu huuliza kama amzoeze kulala mdomo umefumbwa. Kijana aliyekimbia Kivu, mashariki mwa Kongo, ambaye kila usiku huamshwa na milio ya bunduki isiyokuwapo, huuliza kama zoezi la kupumua aliloliona kwenye simu litamrudishia usingizi.

Video nyingi huwapa wote watatu jibu moja: pumua hivi, gesi itapanda, utapona. Sura hii inawajibu mmoja mmoja. Pumzi ina kazi kubwa, tena imepimwa na kuthibitishwa. Lakini ina mahali inapofika na mahali isipofika, na asiyejua mpaka huo anaweza kukaa nyumbani akipumua wakati angepaswa kuwa njiani kwenda hospitali.

Nimeichagua kona moja ya Uganda iwe uwanja wa mazungumzo yetu: mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, karibu na mpaka wa Tanzania. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 kuwapokea watu waliotoka Rwanda. Leo humo wanaishi zaidi ya watu 100,000: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni, kanisani na kwenye foleni ya zahanati. Nimechagua hapa kwa sababu mambo mawili ya sura hii yalipimwa hapahapa kwa uangalifu mkubwa. Gesi yenyewe ilijaribiwa Mbarara kwa watoto waliokuwa mahututi. Uponyaji wa moyo uliojeruhiwa na vita ulijaribiwa Nakivale. Ni nadra kuyapata yote mawili ndani ya safari moja ya taksi.

Gesi gani hii?

Jina lake ni nitriki oksidi. Ni gesi isiyo na rangi, na kila chembe yake ni atomu moja ya nitrojeni iliyoungana na atomu moja ya oksijeni. Usiichanganye na nitrasi oksidi, ambayo daktari wa meno humpa mgonjwa ili asisikie maumivu. Usiichanganye pia na nitrojeni dayoksidi, gesi kali iliyomo katika moshi wa magari na wa jiko, inayochoma kifua. Majina yanakaribiana, kazi ziko mbalimbali.

Kwa miaka mingi wanasayansi waliijua nitriki oksidi kama uchafu wa hewa tu. Hakuna aliyedhani kwamba mwili wa binadamu unaitengeneza wenyewe. Hata hivyo, madaktari walikuwa wakiitumia bila kujua. Alfred Nobel, Mswidi aliyetajirika kwa kutengeneza baruti ya dainamaiti, alipata maumivu ya moyo uzeeni, na madaktari wakamwandikia nitrogliserini, kitu kilekile alichokitia katika dainamaiti yake. Dawa hiyo ilituliza kifua cha wagonjwa wengi, lakini namna ilivyofanya kazi haikujulikana kwa karibu karne nzima.

Mwaka 1977 Ferid Murad, Mmarekani, aligundua kwamba nitrogliserini hutoa nitriki oksidi mwilini. Mwaka 1980 mwenzake Robert Furchgott alionyesha kwamba utando mwembamba ulio ndani ya mshipa wa damu hutuma ishara inayoufanya mshipa ulegee, ingawa hakujua ishara hiyo ni kitu gani. Mwaka 1986 yeye na Louis Ignarro, kila mmoja kwa njia yake, walifikia jibu moja: ishara hiyo ni nitriki oksidi. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998, tuzo iliyoachwa na mtu yuleyule aliyeandikiwa nitrogliserini.

Kazi yake ni hii. Utando wa ndani wa mshipa hutoa gesi hiyo, gesi hupenya hadi kwenye msuli unaouzunguka mshipa, na msuli hulegea kama mtu anayelegeza mkanda baada ya mlo mzito. Mshipa hupanuka, damu hupita kwa urahisi, na presha hushuka. Ishara hudumu sekunde chache tu kisha hupotea, kwa hiyo mwili huitengeneza upya kila wakati. Kidonge cha nguvu za kiume kiitwacho Viagra hupita njia hiyohiyo: huizuia ishara ya gesi isizimike mapema.

Mambo ya kawaida huisaidia mishipa kuitengeneza. Kutembea kwa kasi ni mojawapo, maana damu inapopita kwa nguvu huusugua utando na kuuchochea. Sigara hufanya kinyume, kwa kuudhuru utando wenyewe.

Chakula nacho kina njia yake, na njia hii hunifurahisha kila ninapoieleza. Mboga za majani zina chumvi iitwayo nitrati. Ukila dodo, ambayo Wakongomani huiita lengalenga na Watanzania mchicha, nitrati huingia kwenye damu, tezi za mate huirudisha mdomoni, na bakteria wanaoishi nyuma ya ulimi huibadilisha iwe kitu ambacho mwili unaweza kukigeuza kuwa nitriki oksidi. Kwa hiyo bakteria wa mdomoni, ambao tumefundishwa kuwaona maadui, wanashiriki katika kutunza presha yako. Wanaosukutua kila siku kwa dawa kali za kuua vijidudu huwaua pia hao. Majaribio mengi yamefanywa kwa juisi ya bitiruti, yenye nitrati nyingi, na presha ilishuka kwa alama chache. Alama chache ni jambo jema. Hazitoshi kumwachisha mtu dawa.

Kiwanda kilicho nyuma ya mashavu

Mwaka 1991 watafiti wa Sweden waligundua kwamba hewa tunayoitoa ina nitriki oksidi. Mwaka 1995 watafiti wa Karolinska, Stockholm, walionyesha kwamba nyingi yake hutoka katika sinasi, yaani yale mashimo ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso, nyuma ya mashavu na juu ya macho. Ndiyo mashimo yanayouma mtu akiwa na mafua makali.

Ukivuta hewa kwa pua, hewa hiyo hubeba kiasi kidogo cha gesi hadi mapafuni. Huko gesi hufungua mishipa katika sehemu za pafu zilizopata hewa, ili damu ikutane na oksijeni. Watafiti walipowapima watu wenye afya, walikuta oksijeni inaingia mwilini vizuri zaidi kidogo wakipumua kwa pua kuliko kwa mdomo. Pua pia hupasha hewa joto, huilowanisha na kuchuja vumbi. Mtu anayekwenda kwa bodaboda kati ya Base Camp na Rubondo, huko Nakivale, wakati wa kiangazi hahitaji kufundishwa kuhusu vumbi.

Kisha kuna mvumo. Mwaka 2002 watafiti haohao wa Sweden waliwapima watu waliotoa pumzi kwa pua kimyakimya, na walioitoa huku wakivuma, midomo imefumbwa, kama mama anayembembeleza mtoto kwa wimbo usio na maneno. Gesi katika pumzi ya waliovuma ilikuwa mara 15. Takwimu hii ndiyo iliyozagaa kwenye simu za watu, nayo ni sahihi. Tatizo ni kinachoachwa.

Mvumo hautengenezi gesi. Hutikisa hewa iliyolala ndani ya sinasi na kuitoa nje. Ukivuma tena na tena mfululizo, kila mvumo hutoa gesi kidogo kuliko uliotangulia, kwa sababu mashimo yameanza kuwa matupu. Yanahitaji dakika kadhaa kujaa tena. Na mara 15 puani si mara 15 kwenye damu. Anayekuambia kwamba dakika tano za kuvuma zitajaza mwili mzima gesi ameruka hatua ambayo hakuna aliyeipima.

Turudi kwa mama mwenye mtoto wa pumu, kwa sababu kwake jambo hili lina uzito wa pekee. Katika pumu, njia za hewa zilizovimba hutoa nitriki oksidi nyingi kuliko kawaida. Hospitali zenye vifaa huipima katika pumzi ya mgonjwa, na gesi ikiwa juu, daktari hujua kwamba uvimbe haujadhibitiwa. Kwa mtoto huyo, gesi kuwa nyingi ni dalili ya ugonjwa. Mazoezi ya kupumua taratibu yanaweza kumpunguzia hofu na kumfanya aishi kwa raha zaidi, lakini dawa yake ya kuvuta ibaki mkononi. Na kama hulala mdomo wazi kila usiku huku akikoroma, apelekwe akaangaliwe pua na koo. Asifungwe mdomo kwa utepe wa gundi, kama wanavyoonyesha baadhi ya watu mitandaoni.

*Kwa kifupi: nitriki oksidi ni ya kweli na mwili unaihitaji. Pua hupeleka kidogo mapafuni, mvumo huitikisa itoke, mboga na mwendo husaidia mishipa kuitengeneza. Bado hatujafika kwenye utulivu.*

Basi utulivu unatoka wapi?

Kwa maoni yangu hapa ndipo watu wengi wamepewa jibu lisilo sahihi kwa swali sahihi. Wamehisi utulivu baada ya kupumua taratibu, na utulivu huo ni wa kweli. Kisha wakaambiwa umeletwa na gesi. Kwa sehemu kubwa unaletwa na mwendo wa pumzi yenyewe.

Weka vidole kwenye kifundo cha mkono, usikilize mapigo. Ukivuta pumzi, moyo huongeza mwendo kidogo. Ukiitoa, hupunguza. Kinachoupunguza ni neva ya vagasi, kamba ndefu inayotoka kwenye ubongo, ikapita shingoni, ikafika moyoni na tumboni. Ndiyo inayouambia mwili kwamba hatari imepita, sasa ni wakati wa kumeng'enya chakula na kulala. Pumzi ya kutoka ikirefushwa, neva hiyo hupewa muda mrefu zaidi wa kusema.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akishuka hadi kama mara 6, pumzi, mapigo ya moyo na presha huanza kupanda na kushuka pamoja, kila mzunguko ukichukua kama sekunde 10. Vipimo vidogo vilivyo katika mishipa ya shingo, vinavyoupasha ubongo habari za presha, huwa vyepesi zaidi kuitikia.

Mwaka 2001 daktari wa Italia, Luciano Bernardi, na wenzake walichapisha utafiti mdogo wa watu 23. Waliwapima wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakirudiarudia maneno ya sala ya Wabudha wa Tibet. Katika hali zote mbili pumzi ilishuka hadi karibu mara 6 kwa dakika, bila yeyote kuambiwa apunguze pumzi. Sala ya Salamu Maria, ikisemwa nusu na kiongozi na nusu na waumini, ilichukua kama sekunde 10.

Ninapoufikiria utafiti huo nawaona waumini wa Nyamitanga, kilima cha kanisa kuu la Mbarara, na vikundi vya rozari vinavyokutana jioni Nakivale. Nawafikiria pia wanaokaa katika uradi baada ya sala msikitini, na kwaya za Wakongomani ambazo hushika sauti moja mpaka pumzi inakwisha. Anayeimba mstari mrefu anatoa pumzi polepole, hana namna nyingine. Muumini haendi kusali ili apunguze mapigo ya moyo, na sitaki kuigeuza sala kuwa dawa. Lakini aliyelelewa katika mojawapo ya desturi hizo asidhani kwamba kupumua taratibu ni kitu kigeni kilicholetwa na semina. Mwili wake unakijua tayari.

Mbarara: gesi ilipowekwa kwenye mizani

Malaria ya ubongo ni ile inayomfanya mtoto apoteze fahamu. Huanza na homa, huja degedege, kisha mtoto haamki. Mwaka 1996 watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam walichapisha walichokiona kwa watoto wa Tanzania: kadiri malaria ilivyokuwa kali, ndivyo nitriki oksidi ilivyopungua mwilini. Sababu inaeleweka. Vimelea hupasua chembe nyekundu za damu, na himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni, humwagika nje ya chembe. Ikiwa nje, huimeza nitriki oksidi. Mishipa hubana, utando wake hudhoofika, na damu hukwama kwenye mishipa midogo ya ubongo.

Wazo likafuata lenyewe: kama gesi imepungua, tumrudishie mtoto gesi. Halikuwa wazo la ovyo. Tangu mwaka 1999 Marekani imeruhusu gesi hiyo itumike kwa watoto wachanga ambao mishipa ya mapafu yao imekataa kufunguka, nao husaidika, kwa sababu tatizo lao liko palepale gesi inapofika.

Huko Mbarara kazi hiyo ilifanywa na Epicentre, kitengo cha utafiti cha Madaktari Wasio na Mipaka, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, na daktari wa watoto Juliet Mwanga-Amumpaire akiwa kati ya walioiongoza. Watoto 92 wenye malaria ya ubongo waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Wote walipata dawa ya artesuneti kwa mshipa. Kundi moja lilivutishwa nitriki oksidi, sehemu 80 katika kila sehemu milioni za hewa, kwa saa 48 au zaidi. Kundi la pili lilipewa nitrojeni, ambayo haina athari. Kiasi hicho cha gesi ni kikubwa mno: pua hupeleka mapafuni sehemu ndogo sana yake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Vipimo vya damu vilithibitisha kwamba gesi iliingia mwilini, tena bila kuwadhuru watoto. Lakini protini ambayo watafiti walitegemea ingeonyesha kupona kwa mishipa ilipanda sawa katika makundi yote mawili. Watoto 4 walifariki katika kundi la gesi na 7 katika kundi la nitrojeni, tofauti ndogo mno kwa idadi hiyo ya watoto kuweza kuhesabiwa kama ushindi. Walioondoka hospitali na udhaifu wa neva walikuwa 6 upande mmoja na 5 upande mwingine. Mwaka huohuo yakatoka matokeo ya jaribio la pili, lililofanywa kwa watoto 180 mjini Jinja. Jibu lilikuwa lilelile.

Nawaheshimu sana watafiti waliotangaza jibu hilo waziwazi, na wazazi waliokubali watoto wao washiriki. Kwa kazi yao tunajua jambo ambalo hakuna video itakayokuambia: hata gesi yenyewe, safi, kutoka kwenye mtungi, siku mbili mfululizo, haikubadilisha mwendo wa ugonjwa huo.

Kilichobadilisha ni dawa. Mbarara ilikuwa pia kati ya vituo 11, katika nchi 9 za Afrika, vilivyolinganisha artesuneti na kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Katika kila watoto 1,000, hiyo ni tofauti ya watoto 24 wanaorudi nyumbani. Kwa hiyo mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo. Akipata degedege au akishindwa kuamka, usimfanyie zoezi lolote, mkimbize kituoni.

Hapa niongeze kuhusu kuhesabu pumzi, maana wahudumu wa afya wa vijiji nchini Uganda, wale wanaoitwa VHT, hufundishwa kufanya hivyo. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, huku ana kikohozi, hushukiwa kuwa na nimonia. Mhesabu akiwa ametulia, halii, dakika nzima. Kama kuna hesabu moja ya pumzi ambayo ningependa kila mzazi aijue kwa moyo, ni hiyo.

Nakivale: kilichoponya kiwewe

Kiwewe ni jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha. Mtu hulala akaamka kitandani, lakini mwili wake uko kule kijijini siku ya shambulio. Moyo hupiga mbio, jasho hutoka, mlango ukigongwa anaruka. Kwake hofu haiko katika mawazo peke yake. Iko kwenye misuli, tumbo na pumzi. Ndiyo sababu kumwambia "usifikirie hayo" hakumsaidii.

Pumzi ndefu ya kutoka inaweza kumshusha kutoka kileleni mwa hofu. Inaweza kumpa dakika za kutambua kwamba yuko Nakivale, ni usiku, mlango umefungwa, na watoto wamelala. Sizidharau dakika hizo hata kidogo. Lakini je, zinaponya kiwewe?

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Nakivale, wataalamu wa Ujerumani na Uganda wakishirikiana. Lilihusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia waliokuwa na kiwewe kilichothibitishwa. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao, waliofundishwa kazi hiyo. Kundi moja lilipata tiba ya kusimulia maisha: vikao sita ambamo mtu, akisaidiwa na mshauri, husimulia maisha yake tangu utoto, na kukaa zaidi kwenye matukio mabaya hadi yapate mahali pake katika wakati uliopita. Kundi la pili lilipata ushauri wa kawaida wa kiwewe. Kundi la tatu lilifuatiliwa tu.

Miezi kadhaa baadaye, karibu watu 7 katika kila 10 wa kundi la kusimulia hawakuwa tena na kiwewe kwa vipimo vya kitabibu. Kundi la ushauri lilikaribia hapohapo. Katika kundi lililofuatiliwa tu, walikuwa chini ya 4 katika kila 10.

Wakimbizi walioponywa na wakimbizi wenzao, bila hospitali kubwa: hilo lingepaswa kujulikana Afrika Mashariki yote. Na tuangalie kilichofanya kazi. Ni kuzungumza, mbele ya mtu aliyefundishwa kusikiliza asikimbie.

Upande mwingine wa Uganda, katika makazi ya Rhino Camp, Shirika la Afya Duniani na washirika wake walijaribu njia nyepesi zaidi kwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini. Vikundi vya wanawake 20 hadi 30 vilikutana mara tano, wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha yao: namna ya kutulia katikati ya dhoruba ya mawazo, kuhisi miguu ardhini, kupunguza pumzi, kisha kurudi kwenye jambo lenye maana katika maisha yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Miezi mitatu baada ya mafunzo, msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao ambao hawakuyapata. Pumzi ilikuwamo, kama sehemu ya mafunzo, pamoja na wanawake wengine waliokaa duara moja.

Kwa hiyo kijana wa Kivu jibu lake ni hili: jifunze pumzi leo kwa ajili ya usiku wa leo, na mtafute mshauri kwa ajili ya mwaka ujao.

Namna ya kufanya

Huhitaji mkeka maalumu wala kufunga macho. Toka nje ya jiko kwanza, maana kuvuta pumzi ndefu ndani ya moshi wa kuni ni kujidhuru.

1. Kaa, nyayo zote mbili zikiwa chini. Macho yabaki wazi, yakitazama kitu kimoja kisichotikisika.
2. Vuta hewa kwa pua, ukihesabu hadi 4. Usijaze kifua kwa nguvu. Tumbo ndilo litoke mbele kidogo.
3. Itoe kwa pua ukihesabu hadi 6. Ukipenda, itoe kwa mvumo, midomo imefumbwa.
4. Endelea dakika tano. Kizunguzungu kikija au vidole vikifa ganzi, unavuta hewa nyingi mno. Rudi kwenye pumzi yako ya kawaida.

Mara mbili kwa siku zinatosha, moja ikiwa kabla ya kulala. Jizoeze ukiwa umetulia, kwa sababu mtu hajifunzi kuogelea siku anayozama. Wengine huona mvumo unawafaa kuliko hesabu, kwa kuwa sauti huwapa kitu cha kushika. Anayeimba kwaya tayari amefanya nusu ya kazi.

Sipendekezi mazoezi ya kupumua kwa kasi au kubana pumzi kwa muda mrefu kwa mjamzito, mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo, wala yeyote aliyewahi kuzimia. Mwenye presha aendelee na dawa zake, apimwe kila mara, na daktari ndiye aamue kuzipunguza, akiangalia namba za mashine.

Pumzi inapogeuka

Wapo ambao pumzi huwazidishia hofu, na watu hawa hawazungumzwi vya kutosha. Aliyewahi kujificha huku akizuia pumzi asisikike, au aliyekabwa koo, au aliyezikwa chini ya kifusi, akianza kusikiliza pumzi yake anaweza kurudishwa palepale. Kufunga macho huzidisha. Mtu huyo hajashindwa zoezi, wala imani yake haijapungua. Aliache. Badala yake ataje kwa sauti vitu vitano anavyoviona, aguse ukuta, anawe uso kwa maji baridi, ataje jina la mahali alipo na siku ya leo. Kiongozi wa kikundi chochote cha mazoezi aseme mwanzoni kabisa kwamba ruhusa ya kuacha ipo, tena asimwulize mtu sababu mbele ya wengine.

Kama kwa wiki mbili usingizi haurudi, au mtu hawezi kula wala kufanya kazi, au ameanza kusema kwamba afadhali afe, asiachwe peke yake siku hiyo. Nakivale aanzie kwa VHT wa kijiji chake au kituo cha afya kilicho karibu, aombe wazi kumwona mhudumu wa afya ya akili. Kituo kikishindwa humwandikia rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, ambako kuna wodi ya afya ya akili. Aende na mtu anayeelewa lugha yake, aliyemchagua mwenyewe.